Mabeki Waliompisha Bruda Wimu

Nakumbuka Alhamisi moja, mwanangu, nimesimama kama kisiki katikati ya uwanja wa misheni yetu ya zamani kule Tarime, upande wa Genkuru, na Mholanzi mwenye mvi juu ya masikio ananijia na mpira mguuni. Goti lake la kulia linalia kama mlango mbovu. Mimi ndiye beki, na kazi ya beki ni kunyang'anya. Nilikuwa kijana wa miguu myepesi, ningemnyang'anya hata kama nimejitwika debe la maji. Badala yake nikasogea pembeni, nikampisha. Akafunga goli, akainua mikono juu, na wasichana waliokuwa wanatoka mtoni wakanicheka mpaka wakaweka mitungi chini.

Nakueleza haya nikiwa na kiwiko kilichofungwa bendeji na mguu juu ya kigoda, na unajua nani kaniweka hapa. Usiangalie chini. Jana pale kijiweni kwenu, mnapoegesha bodaboda kusubiri abiria, mlisimama wote mkaanza: "Shikamoo mzee! Babu bado chuma! Babu anashuka mteremko wa Issenye kama kijana!" Mkapiga na makofi. Na mimi mtu mzima na akili zangu nikavimba kichwa, nikaachia breki. Macho haya hayakuliona korongo. Tukaingia wote, mimi, baiskeli na unga wa bibi yako. Sasa wenzako nawasamehe, wao hawajui. Lakini wewe ndiye unayenisomea Biblia kila jioni kwa sababu sioni herufi. Wewe ulijua, na ukapiga makofi pamoja nao.

Jamani, ninyi watoto mtaniua. Kaa hapo, weka hiyo simu mfukoni, usikilize habari za Bruda Wimu.

Bruda Wimu alikuwa bruda wa misheni, fundi seremala, mtu wa Uholanzi. Alikuja Tarime miaka ya hamsini, wakati bado Mwingereza anatutawala, akaletwa kujenga shule yetu. Alikuwa mrefu, mwekundu, mikono mikubwa kama majembe. Alipofungua sanduku lake la vyombo siku ya kwanza, sisi vijana tuliokuwa tunamsaidia kazi tukaona randa, misumeno, patasi, halafu chini kabisa, zimefungwa kwenye kitambaa kama kitu cha altareni, daluga. Viatu vya mpira, vimepakwa mafuta vikang'aa.

Tukamuuliza. Ilikuwa kama kumuuliza mlevi njia ya kilabuni. Kuanzia siku hiyo, kila tulipopiga randa, alitupigia hadithi ya mpira wake. Alikuwa winga wa kushoto wa timu ya mji wao. Uwanja wao ulikuwa kando ya mfereji, na mpira ukitumbukia majini palikuwa na mzee mwenye wavu wa mti mrefu, kazi yake ni kuuvua kama samaki. Alisema alikuwa na chenga moja tu, anainama kama anaingia ndani, kisha anatoka nje, na kwa chenga hiyo moja aliwalaza mabeki wa nchi nzima. Timu kubwa ilikuwa imeshamwita. Wiki moja kabla ya kwenda, kwenye tope, beki mmoja akamwingilia, goti likasema kra. Hapo ndipo mpira wake ulipoisha, angali kijana kabisa. Alikaa benchi msimu mzima akimtazama mwingine anacheza pale pake, moyo ukamkataa, mwishowe akaingia utawa. Alistaafu, mwanangu, lakini hakuna aliyeuambia moyo wake.

Nakubali ilinigusa. Kila alipofika pale kwenye kra, aliacha kupiga randa, akalishika goti kama mtu anayemshika mtoto mkono sokoni.

Basi tukaanzisha timu. Bruda akawa mwalimu wetu, na Alhamisi jioni tukawa tunafanya mazoezi. Hapo ingekuwa hadithi nzuri, kama si sisi Wakurya na mambo yetu ya rika.

Wewe umezaliwa huku Serengeti, umekulia shule, hujui rika lilivyokuwa. Kwetu mtu hakuwa peke yake. Waliotahiriwa pamoja walikuwa kitu kimoja, wakubwa kwa wadogo kwa mpangilio, kwenye nyama, kwenye pombe, kwenye maneno. Rika la baba yako ni baba zako wote. Hupigi kelele mbele yao, huwarukii mguu, na ukimwangusha mmoja wao hata kwa bahati mbaya, unatozwa mbuzi na unanuka mji mzima. Lakini wao kwa wao ni ndugu wa kutukanana, kupigana mieleka, kuambiana lolote. Huo ndio ulikuwa utaratibu, na mimi siusemi vibaya.

Shida ni kwamba wazee walimpenda Bruda. Mwaka wa pili, boriti za shule zilipopanda, wakachinja dume, wakamuuliza umri wake, wakahesabu, wakasema huyu ni rika la Nyamhanga. Nyamhanga ndiye baba yangu. Bruda akapewa mrija wake wa kunywea pombe kwenye chungu cha wazee, akafurahi sana, akadhani amepewa zawadi tu. Hakujua kwamba kuanzia siku hiyo hakuna kijana wa Kikurya anayeweza kumgusa uwanjani.

Kabla ya hapo alikuwa anapiga filimbi na kutufundisha. Wiki ile ile akavaa daluga ili atuonyeshe chenga yake kidogo tu. Akamjia beki, beki akapisha. Akamjia wa pili, naye akapisha. Akafunga. Akasimama pale akiangalia mguu wake kama ameuokota njiani. "Vijana," akasema, "hewa ya Tarime dawa! Goti yangu napona!"

Nani angemwambia? Nahodha wetu alikuwa Chacha, kijana mwenye maneno matamu, angeweza kumuuzia nyoka viatu. Akaanza kupiga makofi. "Bruda bado yumo! Bruda moto!" Na sisi tukafuata. Alhamisi iliyofuata Bruda alikuwa winga wetu wa kushoto, na kijana aliyekuwa anacheza pale, Mwita, mtoto mwenye mbio kuliko sisi wote, akapelekwa kuokota mipira nyuma ya goli.

Ungeona mambo ya msimu ule ungelia au ungecheka, mimi nilikuwa nachoka tu. Kila tulipokwenda kucheza, Chacha alitangulia kuwasalimia mabeki wa wenzetu. Anawavuta pembeni, anawaambia, yule mzungu ni rika la wazee, ana mrija wake, msije mkatozwa mbuzi. Hata kule Kisaka, ng'ambo ya mto Mara, walikotupeleka na lori la misheni, Chacha alifanya hivyo hivyo. Mechi ikianza, Bruda anapita pembeni, goti linalia, mabeki wanafunguka kama mlango wa kanisa. Kina mama wanapiga vigelegele. Golikipa anaanguka upande mwingine, tena anaanguka pole pole asije akaumia.

Na mimi, beki, ndiye niliyekabwa na aibu. Kwenye mazoezi Bruda alinipita jioni nzima, kisha ananigombeza! "Marwa! Wewe beki au wewe mti? Nani atakuoa wewe?" Hakujua hata kwamba kwetu mwanaume ndiye anayeoa. Nilirudi nyumbani nimefura kama chura. Nikamwambia Chacha, tumwambie huyu mtu. Chacha akasema, "Mura, kijana mwenzangu, una mbuzi wewe? Na kuna ubaya gani mzee akifurahi?" Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini Chacha aliona tembo lenyewe la bure, acha litiwe maji.

Ubaya gani. Huo ubaya ulikuja wenyewe kwa miguu yake. Kulikuwa na mgodi wa dhahabu, na wafanyakazi wa mgodi walikuwa na timu. Watu wazima waliotoka kila pembe, Wasukuma, Wajaluo, Wanyamwezi, watu wanaobeba mawe mchana na kucheza mpira jioni kwa hasira ya yale mawe. Beki wao wa kulia walimwita Tingatinga. Wakatuma salamu kwamba wanataka kucheza na timu ya mzungu anayefunga magoli. Bruda akaruka kama ndama. Mechi ikapangwa Jumapili, baada ya misa.

Chacha akaenda kule mgodini na salamu zake za kawaida. Alirudi kimya. Tingatinga alikuwa amemcheka, akamwambia, "Mimi natoka Unyamwezi, sina rika na mzungu wala sina habari na mbuzi wenu. Akija na mpira atanikuta."

Wakati huo huo Sista wa zahanati ya misheni, aliyekuwa akimfunga Bruda goti kila Ijumaa, akatukuta tunachota maji. Akasema anashangaa kwa nini hatumzuii. Goti lile lilikuwa limeshikwa na uzi tu. Likiguswa tena kwa nguvu, alisema, hatatembea, atarudishwa kwao kwenye kiti, na shule yenu itabaki bila paa. Tukaitikia, ndiyo Sista. Tukabeba maji yetu, tukaondoka. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo tulivyofundishwa, lakini safari hii mkuu mwenyewe ndiye aliyekuwa anakwenda kuvunjika guu, na sisi wadogo tumeziba midomo kwa adabu.

Yaani mpaka leo nikifikiria napata joto. Vijana kumi na zaidi, wazima, hakuna mmoja mwenye ulimi.

Baba yangu hakuwa mtu wa mpira. Aliuona mpira kama ugonjwa uliokuja na shule. Lakini Jumanne ya wiki ile ya mechi, tulipokuwa tumeongeza mazoezi, ng'ombe wake walipita karibu na uwanja, akasimama na fimbo yake, akatazama. Aliniona nikimpisha Bruda. Akaniona tena. Jioni nilipokwenda kumsalimu hakuitikia, akaniuliza kwanza, "Marwa, ng'ombe wa jirani akiingia shambani kwako, unamfungulia njia?"

Nikasema hapana, tata.

"Sasa yule rika langu anakupita, na wewe unamtengenezea njia. Una ugonjwa?"

Ndipo nikamweleza yote. Rika, mbuzi, Chacha, Kisaka, Tingatinga, goti, maneno ya Sista. Nilidhani atanisifu kwa kushika mila. Baba yangu alikuwa mpole, mwanangu, mtu wa kunong'ona na ng'ombe. Siku ile alinyanyuka mpaka kigoda kikaanguka. Akaniagiza nikawaite wenzangu wote, hapo hapo, na Chacha awe mbele.

Tulisimama mbele yake kama mbuzi wa mnada. Akasema: "Mnajua fisi anavyomsindikiza kiwete? Anatembea nyuma yake pole pole, hamsukumi, hamgusi, ana adabu kabisa. Anangoja aanguke. Ninyi ndio mafisi wa rika langu. Kumpisha mmempisha kwa mila, haya. Kumpigia makofi mmetumwa na mila gani? Mila imewakataza miguu, haijawakataza midomo. Mngekuja kwangu. Mngekwenda kwa mzee yeyote. Mmeona mzee anakwenda shimoni, mnamwambia njia ni nzuri, mnaita heshima! Heshima ya kumdanganya mtu si heshima, ni uvivu. Mnaogopa uso wake utakavyokunjamana, basi mnamwacha avunjike mguu."

Chacha alijaribu kufungua mdomo, baba akamtazama, akaufunga. Alitufukuza kwa mkono kama anafukuza kuku, na sisi tukaenda.

Kesho yake baba akamwita Bruda kwenye chungu cha pombe, wakaweka mirija, akamwambia kwa upole. Mimi nilikuwa nachochea moto wa maji ya kuongeza chunguni. Akamwambia, rika langu, vijana wanakupisha, goti lako bovu, Jumapili kaa na sisi wazee. Bruda akacheka mpaka akapaliwa. Akasema, Nyamhanga, wewe unajua ng'ombe, mimi najua mpira. Baba akamweleza tena. Bruda akaanza kukasirika, akasema labda wazee wanamwonea wivu kwa sababu yeye bado anakimbia na wao wanakaa. Sikio la kufa halisikii dawa. Baba akanywa, akafuta mdomo, akasema haya.

Alhamisi jioni, mazoezi ya mwisho. Watu walikuwa wengi, maana habari ya mechi ya Jumapili ilikuwa imeenea. Bruda amevaa daluga zake, goti limefungwa. Nikawa naingia kwenye nafasi yangu ya beki, nikasikia mkono begani. Alikuwa tata. Ameacha shuka lake, amebaki na kaptula kuukuu ya kaki, miguu mitupu. Akanipa fimbo yake niishike. "Toka," akaniambia. "Leo mimi ndiye beki."

Watu walicheka, we! Mzee Nyamhanga anacheza mpira! Bruda naye akacheka, akasema, "Nyamhanga, utaumia." Baba akasema, "Mimi na wewe ni rika moja. Nikikuangusha sitozwi mbuzi. Njoo."

Bruda akaja. Akainama kama anaingia ndani, akatoka nje, ile chenga yake iliyolaza nchi nzima. Baba yangu hajui chenga, hakuona sababu ya kuinama naye. Alinyoosha mguu tu, kama anazuia ndama asitoke zizini, mpira ukabaki kwake, na Bruda akaenda mbele bila mpira, hatua kadhaa kabla hajajua. Watu wakashangilia. Bruda akarudi, akauchukua mpira, akaja tena kwa kasi yake yote. Na hapo ndipo sote tulipoona, maana siku zote tulikuwa tumeshughulika kupisha, hatukuwahi kutazama. Kasi yake yote ilikuwa kasi ya mtu anayewahi mvua na mzigo begani. Baba akauchukua tena. Mara ya tatu Bruda akamjia kwa hasira, baba akamwekea bega, si kwa nguvu, na Bruda akakaa chini kwenye vumbi.

Kicheko kilikatika. Mtu mzima kukaa kwenye vumbi mbele ya watoto si jambo la kucheka, na kila mtu alilijua hilo. Bruda alibaki pale pale, uso mwekundu kama pilipili, akasema maneno mengi ya kwao. Kisha akanitazama mimi.

"Marwa. Alhamisi zote hizi. Wewe nashindwa kunizuia, au hutaki?"

Nikamtazama baba. Baba akasema, "Mjibu. Leo nimekuruhusu."

Nikasema, "Sikutaka, Bruda. Tulikuwa tunakupisha."

"Nani, wewe na nani?"

"Sote, Bruda."

"Na Kisaka?"

"Na Kisaka."

Akamtafuta Chacha kwa macho. Chacha alikuwa anachora kitu ardhini kwa kidole cha mguu. Basi Bruda akaanza kuniuliza goli moja moja. Lile la kichwa? Golikipa alikaa, Bruda. Lile la siku ya Pasaka, nilipowapita wawili? Walikuwa wamekwishaambiwa, Bruda. Nilijibu kila moja, na kila jibu lilinichoma kuliko lilivyomchoma yeye, nadhani. Ndiyo maana nasema, mwanangu, uongo wa kupendeza haufi, unakusubiri ulipe siku moja mbele ya watu.

Mwisho akauliza kwa sauti ndogo, "Na lile la siku ya mvua? Nilipopiga kutoka mbali?"

Nikafikiri. Siku ile golikipa wa wenzetu alichelewa, alifika mechi imeshaanza, akaingia golini mbio mbio, na mvua ikiwa inanyesha Chacha hakupata nafasi ya kumnong'oneza. Nilikuwa nimemwona kwa macho yangu akiruka na mwili wake wote, vidole vimenyooka, na mpira ukapita juu ya vidole.

"Lile lilikuwa la kweli, Bruda."

Akanitazama muda mrefu sana, kama anapima ubao kwa jicho. Alitaka kujua kama namdanganya tena. Na ningeweza kumlaumu? Tulikuwa tumekula uaminifu wetu wote msimu mzima, umebaki makombo. Baba akasema, "Huyu nimemzaa. Leo hasemi uongo."

Bruda akaanza kufungua kamba za daluga, pale pale chini. Halafu akamwambia baba, "Na wewe beki mbaya sana. Ile ya bega ilikuwa faulo."

"Faulo ni nini?" baba akauliza. Akampa mkono, akamwinua.

Usidhani baada ya hapo alitukumbatia. Ukweli haupokelewi kwa nyimbo. Alitukasirikia, na alikuwa na haki. Ijumaa na Jumamosi alitubebesha mbao mpaka mabega yakachubuka, hasemi neno ila "hapa" na "pale". Chacha alibebeshwa zaidi. Asubuhi ya Jumapili tulikuta amepigilia msumari kwenye boriti ya karakana, na daluga zimetundikwa.

Kwenye mechi Mwita alirudi winga ya kushoto. Bruda alikaa kwenye vigoda pamoja na baba na wazee wengine. Mpira wa kwanza kabisa uliomfikia Mwita, Tingatinga alikuja. Sijui nikuelezeje. Alikuja na miguu yote miwili, kwenye goti, na Mwita akapaa, akabiringika, akaangukia miongoni mwa kina mama. Kisha akasimama, akajikung'uta, akarudi uwanjani, kwa sababu alikuwa mtoto na mifupa ya mtoto ni miti mibichi. Nikageuka kumtazama Bruda. Alikuwa amelishika goti lake kwa mikono yote miwili, na baba yangu ameweka mkono wake juu ya ile mikono.

Tulifungwa siku ile, tena vibaya. Usitake hadithi ambayo tunashinda, hatukushinda.

Lakini Bruda aliezeka lile paa. Alipanda ngazi kwa mguu wake mwenyewe, akapigilia kila bati, kisha akaezeka na zahanati, na shule nyingine, na nyingine. Alitufundisha mpira kwa filimbi, akitufokea kutoka pembeni mpaka sauti inakauka, na Mwita alikuja kuwa winga ambaye watu walitoka mbali kumtazama. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Miaka mingi baadaye, mzee wa kweli sasa, alipoitwa arudi kwao, nilimsindikiza mpaka kwenye basi Tarime. Nilibeba sanduku lake la vyombo. Mguu mmoja ukiwa tayari kwenye ngazi ya basi, akageuka.

"Marwa," akasema. "Lile la mvua?"

"La kweli, Bruda."

Akatikisa kichwa, akasema, "Moja la kweli linatosha." Akapanda.

Sasa nisikilize vizuri, maana nimechoka na kiwiko kinauma. Kumheshimu mkubwa si kumpaka mafuta. Shikamoo nipe, kigoda nipe, maji ya kunawa nipe kwanza, hayo yote nayataka na usipunguze. Lakini ukiona jicho langu halioni, niambie. Kama mdomo wako unaogopa, tafuta rika langu, wapo wawili watatu wamebaki, wanitukane wao, wana ruhusa. Usinipigie makofi ninaposhuka mteremko. Mficha maradhi kifo humuumbua, na anayenifichia yangu tutaumbuka wote. Ukimsifu mtu, msifu kwa goli la mvua. Litafute. Kila mtu analo, hata mimi ninalo, na ukinisifu kwa hilo nitakuamini mpaka naingia kaburini. Hayo mengine ya kijiweni wapelekee abiria.

Baiskeli ni yako kuanzia leo. Itoe korongoni, nyoosha gurudumu, na unga wa bibi yako utaurudisha wewe. Usinitazame hivyo. Nilipenda ile baiskeli, ndiyo, moyo unaniuma, na nimeitundika mwenyewe, kama zile daluga.

Lete kichwa chako hapa. Mungu akupe miguu inayojua kukimbia na siku ya kusimama. Akupe ulimi usiouma wala usiolamba. Ng'ombe wako wazae, watoto wako wakuamkie, na ukifika uzee huu wangu, akupe rika mmoja aliyebaki, wa kuvua shuka na kukuwekea bega kabla hujaingia korongoni. Amina. Haya, chukua Biblia, tuendelee tulipoishia jana, na usome kwa sauti, masikio nayo yameanza.